Kijana wa Boma Ng'ombe, leza na tangazo la jeshi

Mama ndiye aliyetangulia kuingia, kijana akafuata na bahasha ya kaki kwapani. "Daktari, tumebakiza siku tisa," mama alisema hata kabla ya kuketi. Mimi si daktari. Ni mpima macho, fani niliyoisomea hapa hapa Moshi, lakini ukishavaa koti jeupe mjini kwetu wateja wenyewe wanakupandisha cheo, na ukikataa wanadhani unajifanya mnyenyekevu.

Siku tisa zilikuwa za kuelekea upasuaji. Kijana ana miaka 19 na alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha sita wiki ile ile ya Mei. Mwezi unaofuata alitakiwa kuripoti Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Akitoka huko, asubiri tangazo la jeshi, aombe uofisa, apite chuo cha maofisa Monduli, na mwisho wa safari akae mbele kwenye ndege ya kivita. Amekulia Boma Ng'ombe, ambako ndege zinazoshuka uwanja wa KIA ni sehemu ya kelele za kila siku kama ng'ombe na bodaboda. Miwani ameivaa tangu kidato cha pili, na mtu mmoja alishamwambia kwamba mwenye miwani asipoteze nauli kwenda kwenye usaili. Familia ikakaa, ikachanga. Kliniki moja ya Nairobi ikawapangia LASIK, upasuaji wa leza wa kurekebisha macho ili mtu aache miwani, kwa macho yote mawili, malipo ya awali yakatumwa, tiketi za basi la kupitia Namanga zikakatwa. Kwangu waliletwa na jambo dogo tu: mjomba, mwanajeshi mstaafu, alitaka "mtu wa pili azitupie jicho karatasi."

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya kijana na mama yake, na nimebadilisha mambo machache ili majirani wasihangaike kubahatisha.

Bahasha sikuifungua kwanza. Nilianza na vitu ambavyo leza haivigusi. Nilimpa kitabu cha Ishihara, kile chenye madoa ya rangi yanayoficha tarakimu. Shinobu Ishihara alikuwa daktari wa jeshi la Japani, na kipimo hiki, kilichotoka mwaka 1917, alikitunga kwa ajili ya kuchuja askari. Kijana alisoma kurasa zote bila kusita. Kisha nikapima kama macho mawili yanashirikiana, kama anatambua kipi kiko mbele na kipi nyuma, kama ana makengeza yaliyojificha, kama anaona pembeni. Yote salama. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu nimeshamwona mtu aliyelipia leza, akapona vizuri, akasoma mstari wa mwisho wa ubao, halafu akaanguka kwenye ukurasa wa tatu wa Ishihara. Upofu wa rangi wa kuzaliwa haurekebishwi na upasuaji wowote wa konea, kioo cha mbele ya jicho. Kipimo kile kinachukua dakika tano, na kingemwokolea fedha zote.

Sasa bahasha. Karatasi ya Nairobi ilisema namba ya miwani ni −3.25 kila jicho (alama ya kutoa ni ya jicho lisiloona mbali). Kadi zake za zamani, ambazo mama alikuwa amezitunza pamoja na vyeti vya ubatizo (Mungu awabariki akina mama wa namna hii), zilisema hivi: kidato cha pili −1.00, kidato cha nne −1.75, Agosti ya mwaka uliopita −2.25. Nilipompima kwa njia ya kawaida nikapata −3.25 kama wao. Nikamtia matone ya kulegeza msuli wa ndani ya jicho, nikamwambia akae barazani, asisome simu kwa sababu hataweza. Baada ya dakika arobaini nikapima upya: −2.75 kila jicho.

Nusu dayopta (dayopta ndicho kipimo cha namba ya miwani) ilikuwa imetoka wapi? Kwenye kusoma. Jicho la kijana lina nguvu ya kujikaza ili lione karibu, na mtu aliyekesha miezi mitatu juu ya daftari la fizikia anaweza kufika kliniki msuli bado umekaza. Mashine inaona jicho lililokaza na kuandika namba kubwa kuliko ya kweli. Miwani ya namba hiyo unaibadilisha mwezi unaofuata. Konea iliyochongwa kwa namba hiyo hairudishwi. Sikuona popote kwenye karatasi za Nairobi kwamba matone yale yalitumika. Huenda walipanga kuyatumia asubuhi ya upasuaji, karatasi haikusema.

Lakini nusu dayopta haikunitisha kama kadi za mama. Ziangalie tena, mara hii pamoja na tarehe. Agosti −2.25, Mei −2.75. Namba bado inatembea. Watu wengi hudhani leza inaponya jicho lisiloona mbali, kama dawa inavyoponya malaria. Haiponyi. Jicho lisiloona mbali mara nyingi ni jicho lililorefuka, na picha inaangukia mbele ya retina, utando wa nyuma unaopokea picha, badala ya juu yake. Leza inaichonga konea iwe bapa kidogo ili picha isogee nyuma hadi mahali pake. Urefu wa jicho unabaki ule ule, na kama jicho bado linarefuka litaendelea kurefuka chini ya konea iliyokwisha kuchongwa. Kijana huyu angetoka Nairobi anaona 6/6, yaani kuona kwa kawaida (namba ya pili ikikua, kuona ni hafifu zaidi), mama angepiga magoti kushukuru, na mwaka mmoja baadaye, siku ya kupimwa jeshini, angekuwa na −0.50 au zaidi na anakwama kwenye 6/9 au 6/12. Fedha imekwenda, konea imepungua, na miwani imerudi.

Ndiyo maana madaktari wa upasuaji huu hutaka angalau mwaka mzima wa namba isiyobadilika zaidi ya nusu dayopta. Kijana wangu alikuwa amebadilika nusu kamili ndani ya miezi tisa. Kwa mwenye umri wa miaka 27 aliyechoshwa na miwani tu, ningesema tuzungumze. Kwa wa miaka 19 anayekwenda kupimwa na jeshi, hapana.

Jambo la tatu lilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa bahasha, ramani ya konea. Ni picha ya rangi, bluu sehemu zilizo bapa, nyekundu sehemu zilizobinuka. Jicho la kulia lilikuwa zuri. La kushoto lilikuwa na doa la machungwa upande wa chini, dogo. Pembeni kliniki ilikuwa imeandika kwamba inafaa kuendelea.

Nikamuuliza, "Unafikicha macho?" Akacheka. Mama ndiye aliyejibu: tangu yuko darasa la pili, kila msimu wa vumbi, hadi kope zinavimba. Mzio wa macho ni ugonjwa wa kila siku hapa kwetu, na wengi wanaukimbilia kwenye duka la dawa badala ya kliniki. Huko wanapewa kichupa chenye steroidi ndani yake. Macho yanatulia kwa saa kadhaa, mtoto anafurahi, mzazi anarudi kununua kingine mwezi ujao. Kijana alikuwa ametumia vichupa vya namna hiyo kwa miaka, bila mtu hata mmoja kumpima presha ya jicho. Niliipima: 17 kulia, 18 kushoto, haina tatizo. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa mzima. Hapo alikuwa na bahati. Steroidi ya muda mrefu hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu kimya kimya, na mshipa ukishakufa haufufuki.

Kufikicha macho kuna uhusiano na keratokonusi, hali ambayo konea inakonda na kuchongoka kama koni. Konea ya namna hiyo ukiichonga kwa leza unaiharakisha kuporomoka. Doa la machungwa peke yake si ugonjwa. Lakini doa la machungwa kwenye jicho la mtu wa miaka 19 anayefikicha, ambaye namba yake bado inapanda, ni sababu ya kusubiri na kupiga ramani nyingine baada ya miezi kadhaa, ionekane kama linakua. Unene wa konea ulikuwa mzuri, mikroni 528 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Hesabu yake ni nyepesi: kuondoa −2.75 kunakula mikroni kama 40. Kifuniko cha LASIK, kipande cha juu cha konea kinachokatwa na kufunuliwa ili leza ipite chini yake, kinachukua kama 110. Inayobaki chini ni zaidi ya 370, wakati kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni 250. Kwa unene, alifaulu. Kliniki ilikuwa imeangalia hesabu hiyo tu, ikaridhika.

Hadi hapo mama alikuwa kimya. Kijana ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Lakini anti, tangazo likitoka?"

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Familia nzima ilikuwa inahesabu kwenda mbele: tumalize mtihani, tufanyiwe, twende JKT, tusubiri tangazo. Nikachukua kalenda ya ukutani, ile ya benki, nikaiweka mezani tuhesabu kurudi nyuma.

Unaanza na siku ya kupimwa afya, kwa sababu siku ya kutuma barua hakuna anayekuangalia jicho. Toka siku hiyo rudi nyuma miezi sita. Kwa nini sita? Nilimpa mfano wa Marekani, si kwa sababu kijana anakwenda huko, bali kwa sababu wao wameandika kanuni zao hadharani na unaweza kuona walichokuwa wakikiogopa. Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, kwa kila anayeingia jeshini, si rubani tu, inataka siku 180 ziwe zimepita tangu upasuaji wa mwisho wa kurekebisha namba, pamoja na marudio yoyote ya upasuaji huo. Inataka pia namba ya kabla ya upasuaji isiwe imezidi 8, iwe hasi au chanya. Hapo kuna kitu ambacho wengi hawakitegemei: wanauliza jicho lilikuwaje kabla. Jicho la −9 lililochongwa likasoma mstari wa mwisho wa ubao bado, kwao, ni jicho la −9. Ni refu, retina yake imenyooshwa.

Miezi hiyo sita ina kazi. Kwenye PRK, upasuaji mwingine wa leza usio na kifuniko, ngozi ya juu ya konea inakwanguliwa na leza inapita moja kwa moja juu. Ngozi inaota tena ndani ya siku tatu hadi tano, na siku hizo zinauma, usidanganywe. Baada ya hapo namba inayumba kwa wiki nyingi. Ukungu wa konea, ukija, huja baadaye, wakati mtu ameshasahau. Matone ya steroidi yanapunguzwa pole pole, na muda wote huo presha inafuatiliwa. Kwenye LASIK kuona kunarudi haraka, kesho yake tu, ndiyo maana inapendwa. Lakini kifuniko kikikatwa mishipa ya fahamu ya konea inakatwa pamoja nacho, macho yanakauka kwa miezi, na usiku taa za malori zinazungukwa na duara. Daktari wa jeshi anataka kukuona mambo haya yakiwa yamekwisha. Akikuona katikati yake hawezi kujua utaishia wapi, na mtu asiyejulikana ataishia wapi hapewi ndege.

Kutoka kwenye upasuaji rudi nyuma tena, mwaka mzima wa namba iliyotulia. Mabadiliko ya mwisho tuliyoyajua ni ya mwezi ule wa Mei. Kwa hiyo upasuaji si kabla ya Mei inayofuata, na kupimwa jeshini si kabla ya Novemba au Desemba yake. Mwaka na nusu. Umri wake wakati huo ungekuwa miaka 20 na ushee. Nilimwambia alinganishe na ukomo wa umri uliomo kwenye tangazo, na asimsikilize mtu wa kijiweni. Muda ulikuwepo.

Mama akasema mwaka na nusu ni mwingi. Nikamwonyesha Juni kwenye kalenda ile ile.

Chukua ratiba yao kama ilivyokuwa. Upasuaji wiki ya mwisho ya Mei, JKT katikati ya Juni, chini ya wiki tatu baadaye. Sasa fikiria jicho lenye kifuniko kipya cha konea, kilichoshikiliwa pembeni kama mfuniko wa kopo, kwenye uwanja wa kwata saa nane mchana. Vumbi, jasho la paji la uso likiteremka, kijana aliyezoea kufikicha. Kiwiko cha mwenzake kwenye foleni ya chakula. Kifuniko cha LASIK hakirudii kushikana na konea kwa nguvu ile ya mwanzo. Pigo linaweza kukisogeza hata baada ya miaka, seuze wiki ya tatu. Angefanyiwa PRK hali ingekuwa tofauti lakini si nafuu: wiki ya tatu bado haoni sawasawa, jua lote lile juu ya konea inayopona linachochea ukungu, na matone yake ya mara nne kwa siku atayahifadhi wapi, kwenye begi la bwenini? Ataomba ruhusa kwa afande kila adhuhuri?

Mjomba, ambaye muda wote alikuwa mlangoni kama mlinzi, alicheka kwa mara ya kwanza. "Mara nne kwa siku," alirudia. "JKT."

Ni mjomba huyo huyo aliyekuwa na ushauri wa pili, na alinieleza kijana alipokwenda kunywa maji. Afanyiwe, apone, halafu afunge mdomo. Nani atajua? Nikamkalisha kwenye mashine, nikamwomba mteja mwingine aliyekuwa akisubiri, ambaye alifanyiwa LASIK miaka ya nyuma, aweke kidevu. (Alikubali kwa furaha, watu wanapenda macho yao yatazamwe.) Kwa darubini ile mjomba aliona mwenyewe, ukingo wa kifuniko, mstari mwembamba unaozunguka kama alama ya kikombe mezani. PRK haina ukingo huo, ila ramani ya konea inaonyesha katikati pamebapazwa, umbo ambalo Mungu hakuliumba hivyo. Na yule anayekariri ubao wa herufi, wapo wengi, asahau kabisa: mashine ya kupima namba haikuulizi herufi. Kuficha kunakupa kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Macho yaliyofanyiwa upasuaji yanaweza kujadiliwa na daktari wa jeshi. Mwombaji aliyedanganya kwenye fomu hajadiliwi.

Mjomba alisimama, akasema "Sawa, mwalimu," na tangu siku hiyo amekuwa upande wangu.

Nieleze kidogo kwa nini nilimwelekeza kijana kwenye PRK wakati LASIK ndiyo inayotangazwa kila mahali. Majeshi yalianza na PRK. Katika miaka ya 1990 utafiti wa PRK ndani ya jeshi la majini la Marekani uliongozwa na Steven Schallhorn, daktari wa macho ambaye kabla ya udaktari alirusha ndege za kivita za F-14 na kufundisha Top Gun, shule ya marubani wa kivita wa jeshi hilo. Alijua chumba cha rubani kinataka nini. LASIK ilibaki mlangoni muda mrefu kwa hofu ya kifuniko, na jeshi la anga la Marekani liliikubali kwa waombaji wa urubani mwaka 2007, mwaka uleule NASA ilipoiruhusu kwa wanaanga. Kwa hiyo LASIK si mwiko. Lakini kwa jicho lenye doa la machungwa, kwa kijana anayekwenda kwenye kwata, mieleka na helmeti, upasuaji usio na kifuniko ndio wenye akili.

Kuna pia mlima. Sisi wa Moshi mlima hauachi kuingia kwenye mazungumzo. Mjomba wake mwingine ni mpishi wa safari za Kilimanjaro, na msimu wa watalii kijana huwa anapanda kama mpagazi kutafuta ada. Zamani, kabla ya leza, konea ilikuwa inachanjwa kwa kisu chembamba, mistari kama ya gurudumu la baiskeli. Mwaka 1996 daktari mmoja wa Texas, Beck Weathers, aliyekuwa amechanjwa hivyo, alipanda Everest na huko juu macho yake yakaacha kuona. Hewa nyembamba ilibadilisha umbo la konea zake. Mwaka huohuo kulichapishwa matokeo ya watafiti waliowakalisha watu saa 72 juu ya Pikes Peak huko Colorado: waliochanjwa namba zao zilihama, wa PRK hazikuhama. Kwa hiyo hofu yangu ya mlima haikuwa hewa. Ilikuwa jua. Juu ya barafu, kwenye mita 5,895, mwanga unakupiga kutoka juu na kutoka chini, na konea ya PRK katika miezi ya mwanzo haitakiwi kuonjeshwa hilo. Nilimwambia: mzigo wa watalii beba kabla ya upasuaji, au mwaka unaofuata. Katikati yake, hapana.

Na nilimwambia jambo moja ambalo hakulipenda. Urubani wa kiraia unaruhusu miwani. Kiwango cha kimataifa cha cheti cha afya cha daraja la kwanza ni 6/9 kila jicho na 6/6 kwa macho mawili pamoja, kwa miwani au bila miwani. Kwa namba yake angeweza kuanza bila mtu kumgusa konea. Akanitazama kwa huruma. "Anti, sitaki kupeleka watalii Seronera kule Serengeti."

Basi.

Yaliyofuata nayasimulia haraka maana hayakuwa na kishindo. Kliniki ilirudisha nusu ya malipo ya awali baada ya simu nyingi. Mama bado anaidai nusu nyingine na nadhani ataipata, namjua. Kijana alikwenda JKT na miwani aliyoifunga kwa mpira wa soksi. Ilivunjika mara moja. Kabla ya kutoa senti nyingine nilimtaka aende yeye mwenyewe, na karatasi zake zote, akaulize kwa wahusika wa afya jeshini wanataka nini kwa mtu mwenye hali yake. Alichoambiwa ni chake na chao. Ninachoweza kusema ni kwamba alirudi na orodha ya karatasi, na hakurudi mnyonge.

Septemba alikuwa −2.75. Februari −2.75. Mzio tuliutibu kwa matone yasiyo na steroidi na vitambaa vya maji baridi, na mama akamfunga mikono kwa maneno. Kati ya hapo tangazo lilitoka, kama alivyoogopa. Mama alinipigia saa moja asubuhi. Hakutukana, ila alinyamaza kwenye simu muda mrefu, na kwa mama wa Kichaga ukimya huo una bei yake. Kijana akaliacha lipite. Nakiri usiku ule nilirudia hesabu zangu kwenye karatasi, nikaogopa kwamba namba ilikuwa imeshaganda zamani na mimi ndiye niliyemchelewesha. Hesabu zilikuwa zile zile.

Mei, kwa matone ya kulegeza msuli, −2.75 tena. Ramani ya pili ya konea, iliyopigwa kwa daktari mwingine kabisa: doa la machungwa lilikuwa pale pale, halikukua hata kidogo. Daktari yule aliitazama kwa dakika nyingi kuliko wa kwanza, akakubali PRK, akakataa LASIK. Ilifanyika wiki ya kwanza ya Juni. Siku mbili za mwanzo kijana alilala chumba chenye giza akimlaumu kila mtu, mimi nikiwemo. Mwezi wa kwanza 6/9 kulia na 6/12 kushoto, na akaja kwangu uso umemshuka. Nikamwambia ndiyo maana ya kalenda. Mwezi wa tatu 6/6 na 6/9. Presha ilipanda hadi 21 wakati wa matone, daktari akapunguza dozi, ikashuka. Miwani ya jua aliivaa hadi ndani ya daladala, wakamwita msanii.

Sasa ni Desemba. Siku 180 zimetimia wiki iliyopita. Kulia 6/5, kushoto 6/6, na vipimo viwili vya namba vilivyopishana mwezi mmoja vinakubaliana. Faili lake lina kadi za mama tangu kidato cha pili, ramani mbili za konea, ripoti ya upasuaji, na kila kipimo cha baada yake chenye tarehe na sahihi. Ni nene kuliko faili za wagonjwa wangu wengi wa miaka sabini. Kuna duara dogo kuzunguka taa usiku, kwenye jicho la kushoto, na tumeliandika pia.

Alipokuja kuchukua nakala, mama alikuja naye. Alitoa miwani ile ya zamani kutoka kwenye mkoba, mpira wa soksi bado umening'inia, akauliza kama inaweza kumfaa mdogo wake wa kike aliyeko kidato cha kwanza; siku hizi anakaa mbele kabisa darasani na anafinya macho. Nikamwambia miwani hairithiwi. Amlete Jumamosi, nimpime kwa matone, na aje na kadi mpya tuanze kuandika.